Toyota IST kutetemeka kwenye foleni
Ndugu, unasema IST yako inatetemeka ukisimama kwenye taa, ukikanyaga mafuta inatulia. Usikubali kubadilishiwa mauntingi (mipira inayoshikilia injini) kabla ya kupima koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) na plagi zenyewe (zinazotoa cheche). Injini ikiwa inanguruma, chomoa soketi ya koili moja, sikiliza, irudishe, nenda inayofuata. Silinda ziko 4. Ile ambayo ukichomoa mlio haubadiliki, ndiyo imelala, yaani haifanyi kazi. Zima injini, badilishana koili yake na ya jirani. Tatizo likihama, nunua koili. Lisipohama, kagua plagi, kisha nozeli (inayopuliza petroli). Mimi huanzia hapo kila mara, maana ni bure. Mtetemo ukizidi gia ikiwa kwenye D umekanyaga breki, ukapungua kwenye N (huru), hapo shuku mauntingi. Tafadhali usiiendeshe hivyo muda mrefu: petroli isiyoungua huunguza katalisti (kisafisha moshi) ya ekzosi.