Usiniambie Gari Lako ni 4WD

Juzi nimepokea ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Mwenyewe ni kijana wa Singida, kaingia Minnesota, huku Marekani kwenye baridi, mwezi wa saba, anakaa Brooklyn Park, na gari kashanunua. Dakika nane zote zilikuwa sifa za gari: ni 4WD, yaani injini inasukuma magurudumu yote manne. Ya tisa ndiyo ikaja na swali: "Sasa kaka, watu wananitisha eti ninunue matairi mengine ya baridi. Hili si 4WD? Mimi kwetu nimeendesha kwenye matope mpaka nikachoka."

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Maneno hayohayo, hata hilo la matope, niliwahi kuyasema mimi, tena mbele za watu, na mpaka leo nayalipia.

Nimeendesha lori Dar–Tunduma miaka tisa. Nimeshuka Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa, usiku, mvua inanyesha, mzigo umejaa, gia nzito, mguu mbali na breki, huku pembeni nikiona magari ya waliokanyaga breki mpaka zikaungua. Kwa hiyo nilipofika Minneapolis, miaka kumi na moja iliyopita, kila aliyejaribu kunisomesha habari za theluji nilimkata kauli: "Ndugu yangu, mimi nimeshuka Kitonga." Nililisema kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye futari za watu. Nilikuwa nakera. Mke wangu alishaniambia, lakini mke akikwambia unakera unadhani ni mambo ya nyumbani tu.

Gari langu la kwanza hapa lilikuwa kubwa, jeusi, 4WD. Matairi yake yalikuwa ya "misimu yote", ndivyo muuzaji alivyoniambia. Nikajisemea, misimu yote si na huu umo?

Jumapili moja ya Desemba tulikwenda St. Cloud kumwona mzazi. Tunarudi jioni kwa barabara kuu ya I-94, theluji ikaanza, ile laini kavu inayopeperuka barabarani kama unga mashineni. Wenzangu wote walikuwa wanakwenda maili 40 kwa saa. Mimi nilikuwa na 60, karibu kilomita 97. Niliwaona waoga. Mama watoto akasema, "Baba, punguza." Sikujibu. Akasema tena. Nikawasha redio.

Mbele kulikuwa na daraja dogo, la kawaida kabisa, hata mto wake sikuuona. Tulipolikanyaga, usukani ukawa mwepesi mkononi, kama wa gari la kuchezea watoto. Nikakanyaga breki. Pedali ikaanza kutetemeka chini ya mguu, grrr-grrr-grrr, nikadhani imevunjika, nikaachia. (Ilikuwa ABS, ule mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi yake. Miaka tisa ya lori, sikuwa nimewahi kuisikia.) Gari likageuka polepole, bila kelele hata kidogo, na kwa muda fulani nikawa natazamana na taa za magari niliyokuwa nimeyapita. Kisha tukashuka kwenye bonde la katikati ya barabara, theluji ikafika usawa wa kioo.

Hakuna aliyeumia. Mtoto nyuma hata hakuamka. Nakumbuka indiketa zikilia, tik tik, na mke wangu ametazama mbele bila kusema neno. Heri angesema.

Nilimpigia rafiki yangu, yeye yuko kazini, akamtuma dada mmoja wa Mombasa anayeuguza wazee zamu ya usiku na alikuwa anapita njia hiyohiyo. Akaja na kigari kidogo cha zamani, cha kuvuta magurudumu ya mbele tu, kioo cha pembeni kimefungwa kwa utepe wa gundi. Kikasimama pembeni mwa barabara taratibu, kimetulia kama kimepaki sokoni. Akashusha kioo: "Kakangu, ulikuwa wafukuzwa na nani?"

Akamchukua mke wangu na mtoto. Kabla hajaondoka akaniita, akamulika tairi lake kwa tochi ya simu. Ubavuni palikuwa na alama ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. "Hii ndiyo 4WD yangu," akasema.

Gari la kuvuta lilinigharimu dola 280. Hizo nilishazisahau. Ambacho sijakisahau ni kwamba Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi, na nilipoingia ukumbini MC akatangaza, "Karibu Kitonga!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tangu siku hiyo ndilo jina langu. Wapo watu hapa mjini hawajui jina nililopewa na wazazi. Mwanangu alipofikisha miaka saba aliniuliza kwa nini wanamwita baba yake Kitonga, nikamwambia ni jina la heshima.

Sasa, mdogo wangu wa Singida, sikiliza.

4WD inakusaidia kuondoka. Inasukuma magurudumu yote manne ili utoke pale ulipo. Lakini kusimama, kila gari duniani linasimama kwa magurudumu manne, hata mkweche wa yule dada. Kwa hiyo gari lako litakupa jeuri ya kufika spidi ambayo haliwezi kukutoa. Na matope usiyalinganishe na barafu. Matope yana chini: tairi linachimba mpaka likutane na ardhi ngumu, linashika. Barafu haina chini. Kule juu unateleza tu.

Mpira wa tairi la kawaida, joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, unaanza kuwa mgumu. Chukua kandambili uiweke kwenye friza usiku mmoja, asubuhi uivae utembee kwenye vigae, utanielewa. Tairi la baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na lina vijikato vingi vyembamba vya kuing'ata theluji. Tafuta ile alama ya mlima na chembe ya theluji. Herufi M+S (kwa Kiingereza, matope na theluji) peke yake zisikuridhishe. Na nunua manne. Ukifunga mawili ya mbele tu, mbele patashika na nyuma patakupita. Mimi hufunga mwisho wa Oktoba, kabla foleni ya gereji haijafika barabarani.

Hapa naomba niseme jambo, anayekasirika akasirike. Sisi mchango wa harusi wa dola 300 tunatoa siku hiyohiyo, tena tunataka jina lisomwe. Simu mpya tunabadilisha kila mwaka. Lakini ukimwambia mtu anunue matairi ya dola 600 anaanza kukueleza habari za kodi ya nyumba. Matairi haya unayafunga na kuyafungua misimu kadhaa, na muda wote huo yale ya kiangazi yamepumzika. Halafu gari likitumbukia, tunachangishana tena. Nimechangia bredauni za watu mpaka nimechoka.

Mengine nayapitia haraka, fundi yeyote atakwambia.

Betri: kwenye baridi ya nyuzi -18 inapoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, na wakati huohuo oili imekuwa nzito kama asali, stata inahitaji nguvu zaidi. Januari 2019, wiki ile ambayo hata posta ilisimamisha kupeleka barua katika jimbo letu, gari langu lilisema "tik" moja, likanyamaza siku mbili. Betri ilikuwa na miaka sita. Maduka mengi ya vipuri hupima bure, kwa hiyo hakuna sababu. Na ukiona gari limening'iniza waya wa plagi mbele kwenye boneti, si gari la umeme kama nilivyodhani mimi nikamwambia na mwenye gari. Ni hita ya injini, unaichomeka ukutani usiku.

Maji ya waipa. Kwetu tunajaza maji ya bomba, na mimi nikajaza ya bomba. Lori lilipita likanirushia tope la theluji na chumvi kioo kizima, nikabonyeza, maji yakatoka, na palepale yakaganda. Sikuona kitu. Nimeendesha karibu maili moja kichwa kikiwa nje dirishani kama mbwa, machozi yakigandia kwenye kope. Nunua yale yaliyoandikwa -20. Hizo ni nyuzi za Fahrenheit, ni kama -29 zetu. Rejeta nayo usiiongezee maji ya bomba. Kulanti nusu kwa nusu na maji huhimili mpaka karibu -37. Ikizidi maji, siku moja utakuta injini imepasuka.

Upepo wa matairi (ndiyo, nimerudi kwenye matairi): joto likishuka nyuzi tano au sita za Selsiasi, upepo unapungua kama psi 1, kile kipimo cha kwenye mashine ya upepo. Pima asubuhi gari likiwa halijatembea.

Ndani ya gari weka koleo dogo, blanketi, tochi, nyaya za kuwashia kwa betri ya mwenzako, na mfuko wa mchanga wa paka (ule wa choo cha paka, unauzwa madukani) wa kumwaga chini ya tairi lililokwama. Tangi lisishuke chini ya nusu. Ukikwama njiani usitoke kutembea, kaa garini. Washa injini kama dakika kumi kila saa, lakini kwanza nenda nyuma ukafukue theluji kwenye bomba la moshi. Lisipofukuliwa, ule moshi unarudi ndani, na gesi ya sumu iliyomo haina harufu ya kukushtua, inakulaza moja kwa moja.

Na mtoto: lile koti nene lililojaa manyoya mvue kabla ya kumfunga mkanda wa kiti chake. Gari likigonga, koti linanywea, mkanda unabaki umelegea. Mfunge kwanza, kisha mfunike koti juu kama shuka. Usiku ule wa darajani mwanangu alikuwa amelivaa. Hilo sikulijua mpaka miaka miwili baadaye, na siku niliyoambiwa sikulala.

Madaraja yanaganda kabla ya barabara kwa sababu baridi inayapiga juu na chini. Chumvi wanayomwaga nayo ikifika kama -9 inashindwa kazi, kwa hiyo usione nyeupe ya chumvi ukadhani uko salama. Ukiona daraja, punguza kabla hujalifikia, ukiwa juu usiguse kitu. Hapo ndipo Kitonga ilinifaa hatimaye: mguu mbali na breki. Nilikuwa nalijua jibu, sikujua kama ndilo swali lenyewe.

Kijana, Jumamosi saa nne asubuhi njoo nyumbani na hilo gari. Chukua sarafu ya robo dola. Tutaichomeka kichwa chini kwenye mfereji wa tairi, na utosi wa Washington, yule rais wa kwenye sarafu, ukionekana wote basi tairi limelika, tutapanda kwenye kigari changu twende dukani pamoja. Theluji ya kwanza ikianguka nitakupeleka kwenye maegesho matupu ukakanyage breki kwa nguvu zako zote, uisikie ile grrr ukiwa na mimi kando.

Na ukifika, nisalimie kwa jina langu.