UDOM kwa anayeanza mwaka wa kwanza

Mdogo wangu, umeuliza UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, pakoje kwa mgeni. Kwanza jua ndaki yako, yaani koleji utakayosomea, maana chuo kile, kilichoanza 2007, ni kikubwa mno na ndaki zimetawanyika vilimani. Ukikosea ukashukia kwingine na begi kichwani, jua la Dodoma litakuchosha kabla hujajisajili. Soma jina la ndaki kwenye barua ya udahili, umwambie dereva hilo hilo. Fedha za Bodi ya Mikopo husubiri usajili na kusaini, kwa hiyo beba akiba ya chakula ya wiki kadhaa, tafadhali sana. Na sweta! Juni na Julai upepo wa usiku unauma kweli.