Barua kwa Mwanangu: Maharagwe ya Siku ya Mavuno

Njiru, Nairobi
Agosti 2024

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku hatujambo, na dada yako amepona ile homa iliyokuwa ikimsumbua. Ujumbe wako niliupokea, na nimechelewa kuujibu kwa sababu swali lililomo halistahili kujibiwa kwa maneno mawili ya simu.

Ulisikia kwa dada yako kwamba sehemu ya pesa ulizonitumia za chakula nilinunulia gorogoro mbili za maharagwe, nikayapeleka kanisani Jumapili ya mavuno, ilhali mafuriko ya Aprili yalikuwa yamelifagia shamba langu na sikuvuna hata punje. Ukaniuliza, "Mama, unamtolea mavuno Mungu aliyekunyima mavuno?" Ukaongeza kwamba miaka ya ukame ulitusikia tukiomba mvua usiku na mchana, nayo ilipokuja ikatumaliza. Sikuona utovu wa adabu katika swali hilo. Pesa ni jasho lako, na una haki ya kujua zilikokwenda.

Kwanza nikueleze yaliyotokea, maana uliyasikia juujuu. Shamba ninalokodi, kama unavyolijua, linateremka hadi ukingoni mwa Mto Nairobi. Katikati ya Machi nilipanda mahindi na maharagwe ya rosekoko, na chini karibu na maji nikaongeza sukuma wiki, managu na nduma. Mbegu na mbolea nilinunua kwa mkopo wa chama chetu cha akiba. Kufikia wiki ya mwisho ya Aprili mahindi yalikuwa yamefika magotini na maharagwe yalikuwa yametoa maua, wakati ambapo mkulima huanza kuhesabu magunia moyoni ingawa anajua hapaswi. Kisha mto ukafurika usiku. Maji yalipopungua niliteremka, nikakuta tope jeusi linalonuka, limejaa chupa za plastiki na vipande vya mabati, na sukuma zote zimelala upande mmoja, upande maji yalikoelekea. Nilichimbua shina moja la haragwe. Maua yalikuwa bado juu yake, lakini mizizi ilikuwa imegeuka kahawia na kulainika, ikachunika vidoleni kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Nikajua kwamba hakuna la kungojea.

Siku hizo hizo wenzetu wa Mathare na Mukuru walikuwa wakipoteza nyumba na watu wao, na alfajiri ya tarehe 29 Aprili maji na matope yalishuka Mai Mahiu yakawaua makumi ya watu wakiwa usingizini. Ufunguzi wa shule uliahirishwa, na tarehe 10 Mei ikatengwa kuwa siku ya mapumziko ya kuwakumbuka waliokufa na kupanda miti. Nilililia shamba langu, lakini nililia nikijua kwamba wako waliokuwa wakilia makubwa zaidi.

Sasa nije kwenye swali lako. Unauliza kana kwamba mafuriko yalitoka mkononi mwa Mungu moja kwa moja hadi kwenye mahindi yangu. Mimi sisemi hivyo, na huniuma kusikia mtu akitamka "ni mapenzi ya Mungu" kabla tope halijakauka. Mto huu unaanzia katika kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unakatiza jijini, unapokea maji ya Mto Mathare na ya Mto Ngong, kisha mzigo wote huo unashuka kwetu huku mashariki. Njiani watu wamejenga hadi ukingoni, vinamasi vimefukiwa, na mitaro imezibwa na takataka. Mvua kubwa ilinyesha, ni kweli, na wataalamu wanatuambia kwamba kuongezeka kwa joto duniani kunazipa nguvu mvua za namna hii. Lakini maji yalikuja kwa kasi ile kwa sababu mahali pote ambapo yangetulia tulikuwa tumepaziba sisi wenyewe. Kumtwika Mungu uchafu wa jiji ni kumsingizia.

Hata hivyo sitajificha nyuma ya maelezo hayo, kwa maana yanajibu nusu tu ya swali lako. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ambao uliharibu misimu mitano ya mvua mfululizo kaskazini na mashariki mwa nchi, haukuletwa na mtaro ulioziba. Serikali iliutangaza kuwa janga la kitaifa Septemba 2021. Tuliomba. Wewe mwenyewe ulikuwa huko Nakuru Februari 2023, wakati Rais William Ruto alipoongoza maombi ya kitaifa ya kuomba mvua mjini humo. Mwezi uliofuata mvua ikanyesha, na watu wengi wakasema kwamba tumejibiwa. Nilifurahi pamoja nao, lakini niliwafikiria wafugaji ambao ng'ombe wao walikuwa wamekwisha kufa kabla ya Machi. Maombi yao yalikuwa na kasoro gani? Sikuweza kuwaambia kwamba walikataliwa, na kwa sababu hiyo hiyo siwezi kusema leo kwamba mimi nimekataliwa. Kwa nini mvua hukatika huku na kupita kiasi kule, sina jibu, mwanangu, na siwaamini wenye jibu la haraka. Mmoja wao alikuja kunipa pole, akaniuliza kama sikuwa na deni la zaka. Nilimpa chai, nikamkumbusha kwamba marafiki wa Ayubu nao walikwenda kumpa pole wakaishia kumhukumu, na mwishoni ni wao waliokasirikiwa na Mungu.

Nadhani swali lako limechanganyika na mahubiri yanayosikika redioni siku hizi, ya kuambiwa upande mbegu ya elfu moja ili uvune laki moja. Anayehubiri hivyo hajawahi kupalilia. Mbegu ikishaingia shimoni, mkulima habaki na hati ya kuidai. Panya ataifukua, mvua itaikosa, mto utaibeba, na mkulima anayajua hayo yote wakati anaifukia. Zaburi ya 126 inamtaja mtu anayekwenda zake akilia huku amebeba mbegu za kupanda, na nilipokuwa msichana nilishangaa analia nini kabla hajapata hasara. Siku hizi sishangai. Mbegu ile ingeweza kupikwa jioni hiyo hiyo. Anaitoa katika sufuria ya watoto wake na kuizika ardhini bila ahadi ya mtu. Ndivyo nilivyopanda Machi, na ndivyo ninavyotoa sadaka. Kama ningekuwa ninanunua mavuno kwa sadaka zangu, basi baada ya Aprili ningekuwa na haki ya kusimama na kudai haki yangu, na nisipolipwa niondoke. Sikuwahi kununua.

Basi kwa nini maharagwe? Katika parokia yetu, kama unavyokumbuka, ndizi, kuku na mayai ya siku ya mavuno hupigwa mnada nje ya kanisa baada ya misa. Safari hii padri alitangaza mapema kwamba nafaka hazitauzwa, zitagawiwa familia zilizopoteza makao kando ya mto. Watu hao ninawafahamu kwa sura. Mwezi wa Mei wanajumuiya walikuja shambani kwangu na majembe na viatu vya mpira, wakaondoa tope na mabati, na baadhi ya waliokuwa wakichota tope hilo watoto wao walikuwa wakilala sebuleni kwa majirani. Mama mmoja aliniletea pakiti ya unga wa kilo mbili. Nilijua mahali alikoupata, kwa sababu alikuwa amepanga foleni kuupokea kama msaada, nao ulikuwa wa kuwapikia watoto wake. Aliuweka juu ya meza, akakaa, akazungumzia mambo mengine kabisa, wala hakuutaja hadi alipoondoka. Ungetaka niende kuketi benchi moja na mama huyo Jumapili ya mavuno mikono mitupu, huku nyumbani nina pesa za mwanangu?

Tangu siku niliyopoteza shamba, kila aliyenijia alinihesabu miongoni mwa watu wa kusaidiwa. Nashukuru kwa kila kilicholetwa, na sitasahau. Lakini mtu akipokea tu, siku baada ya siku, huanza kujiona kwamba hana tena kazi duniani ila kunyoosha mkono, na hali hiyo niliihisi ikininyemelea. Nilipoyamwaga maharagwe yale katika gunia pale mbele ya altare, nilikuwa mkulima tena miongoni mwa wakulima, ingawa nilikuwa nimeyanunua sokoni. Mungu hakuyahitaji. Mimi nilihitaji kuyatoa, na kulikuwa na nyumba iliyohitaji kuyapika.

Usidhani kwamba nimekuwa nikiimba nyimbo za sifa muda wote. Ziko usiku ambazo sikuishika rozari. Nilikaa kitandani nikamwambia Mungu wazi kwamba ameniacha, na kwamba deni la chama ni langu si lake. Sikujiona nimekufuru, kwa kuwa mtu humlalamikia yule anayemtarajia. Na simshukuru kwa mafuriko, wala sitayashukuru kamwe. Namshukuru kwamba usiku ule dada yako alikuwa amekataa kulala katika kile kibanda cha kulindia shamba, na hata hilo ninalisema kwa woga, nikiwakumbuka waliofiwa ambao nao walikuwa wamewaombea watoto wao.

Uliandika pia kwamba wewe umeacha kwenda kanisani. Sitakuvuta kwa mkono. Umekuwa mtu mzima. Ninachokuomba ni kwamba hasira yako usiifanye siri. Mwambie Mungu unayoniambia mimi, kwa maneno hayo hayo.

Kuhusu shamba, nduma zimechipua tena kutoka chini ya tope, nazo nimeziacha. Sehemu ile ya chini sitarudishia mahindi wala maharagwe. Nitaongeza nduma na majani ya nepia ili mizizi ishike udongo, na mazao ya chakula nitayapandisha juu mvua ya vuli ikianza Oktoba. Chama kimekubali nilipe kidogo kidogo. Ukijaliwa kunitumia chochote kabla ya hapo, kitanunua mbegu iliyothibitishwa kutoka duka la pembejeo na kupunguza deni, na maharagwe yakikomaa Januari, gorogoro ya kwanza nitaipeleka kanisani kama nilivyofanya safari hii. Nimekuandikia mapema ili utume ukijua.

Mama yako akupendaye