Siagi na talaka za Maine

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi napika keki za kuuza. Mume wangu karudi barazani na habari kuwa huko Marekani, jimbo la Maine, watu walipopunguza kula siagi ya kopo na talaka nazo zikapungua, miaka kumi mfululizo. Tangu siku hiyo hataki kuliona kopo la siagi ndani ya nyumba. Keki nitapikia nini?
Mama Keki, Chake Chake

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Mumeo hakuzua, takwimu zipo. Mwaka 2000 Mmarekani mmoja alikula wastani wa ratili 8.2 za majarini, hiyo siagi yenu ya kopo, na Maine kulikuwa na talaka 5 kwa kila watu 1,000. Kufika 2009 siagi imeshuka hadi ratili 3.7, talaka 4.1. Ukiichora, mistari miwili inafuatana kama ng'ombe na gari lake.

Ila barazani hawakuimaliza hadithi. Aliyezikutanisha takwimu hizo ni Tyler Vigen, mwaka 2014, alipokuwa akisomea sheria Harvard. Aliiachia kompyuta ilinganishe hesabu za kila namna, kisha zile zilizoshabihiana kwa sadfa akazitoa watu wacheke. Mumeo kakichukua kichekesho kakifanya fatwa! Halafu tazama: siagi iliyopimwa ni ya Marekani nzima, talaka ni za Maine peke yake. Yaani mtu wa Texas aache kupaka siagi mkate wake, ndoa ya Maine ipone?

Mimi nimesomesha hesabu skuli miaka 31, na mfano wangu nilikuwa nao mdomoni. Mjukuu wangu tulikuwa tukimpima mara moja kwa mwaka, siku ya Idi, tunatia alama ya mkaa kwenye mwimo wa mlango wa jikoni. Kuanzia 2016 hadi 2021 kila alama ilipopanda, mimi nilikuwa nimeshang'oa jino. Alama sita, meno sita. Bibi yake akasema tumzuie mtoto asirefuke, babu atabaki na ufizi. Hakuzuiwa. Sasa kanipita kichwa kizima, na meno yangu yaliyobaki yametulia tuli.

Usinifahamu vibaya, vipo vinavyokwenda pamoja kwa sababu. Hapa Pemba mwaka karafuu zikizaa vizuri harusi hufuatana, na wewe mwenye kupokea oda za keki unalijua hilo kunishinda. Lakini si harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini inayowatafutia vijana wachumba. Ni pesa za karafuu zilizoingia mkononi, mahari ikapatikana.

Lirudishe kopo lako kabatini. Mumeo akishikilia, mpikie keki moja kavu bila siagi, kisha mpe aipeleke kulekule barazani.