Noti ya Shakespeare bado ni hela?

SWALI: Wadau naombeni msaada, ndani ya vitabu vya marehemu babu nimekuta noti ya pauni 20 ya Uingereza, ya zambarau, nyuma kuna jamaa kaegemea rundo la vitabu. Ni nani huyo, na bado ni hela au nimebaki na karatasi tu?

JIBU: Huyo ni Shakespeare bwana, yule mtunzi wa tamthilia! Noti ilitoka 1970 na ndo ya kwanza ya Bank of England (benki kuu yao) kuwekwa mtu wa historia asiye mfalme wala malkia, maana mbele yupo Malkia Elizabeth II kama kawa. Hiyo picha ni ya sanamu ambayo ipo kweli, iko Westminster Abbey pale London. Sasa iangalie vizuri, pembeni utaona wale wapenzi wa tamthilia yake, Juliet yuko juu kwenye roshani na Romeo yuko chini anambembeleza, yaani wameweka jukwaa zima kwenye pesa, mi naona hizi noti za sasa haziigusi kabisa.

1991 ikaja pauni 20 ya Faraday, mwanasayansi, na ya Shakespeare ikaondolewa rasmi Machi 1993, kwahiyo dukani hawaipokei. Ila hujala hasara, Bank of England inabadilisha noti zake za zamani hata zipite miaka mingapi, unaenda mwenyewe Threadneedle Street, London au unatuma kwa posta. Kabla hujatuma waulize wakusanyaji wa noti kwanza, isiyo na mikunjo wanaweza kukupa zaidi ya hiyo 20, na tafadhali usiipige pasi.