Ukiuliza "mmeelewa?" utajibiwa ndiyo tu

Miaka yote nilofundisha jiografia chuoni hapa Mombasa nilikuwa na tabia moja, nikimaliza mada nauliza "mmeelewa?", darasa zima ndiyooo, mimi nafunga laptopu naenda zangu. Halafu nasahihisha CAT, ule mtihani mdogo wa kati ya muhula, nabaki kushika kichwa.

Iliyonizindua ni mada ya maji kujaa na kupwa. Nilichora jua, mwezi na dunia, mishale kila mahali, slaidi safi kabisa. Kijana mmoja akaandika eti springi taidi, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, hutokea majira ya machipuko ("spring" kwa Kiingereza) huko Ulaya, kwa hivyo sisi huku hatuna. Nikamwita, si kumgombeza, tukakaa kwa muuza kahawa nikamuuliza tu kwao wapi. Mtongwe, babake mvuvi. Haya, babako hujuaje siku ya kwenda mwambani? Akanitazama kama mtu alouliza jina la mji. "Si bamvua mwalimu! Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hutoka mbali, hapo katikati ni maji mafu, hayatoki sana." Na kila siku, akasema, maji husogea saa moja kasoro kidogo, ndizo zile dakika 50 za kwenye slaidi yangu! Yaani mada yote alikuwa nayo, ila hakuna aliyemwambia bamvua ndiyo springi taidi. Wa kumwambia ni mimi, na mimi mwenyewe nimekulia Mji wa Kale. Aibu tupu.

Mwaka uliofuata mada hiyo niliianzia na kivuko cha Likoni. Nani ameona bamvua ikitoka vile mteremko wa feri unavyokuwa mkali? Mikono juu karibu yote. Nilipofika kwenye hesabu, kwamba siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3, hakuna aliyeshangaa, na mwezi na jua nikavileta mwisho.

Sasa wewe mwalimu ukitaka kujaribu kukaa na wanafunzi uwasikilize hivi, watano wanatosha, usichague wale wa viti vya mbele pekee. Ofisini kwako usiwaite, pale mtu hujiona mshtakiwa. Waambie mapema hakuna maksi hapa. Mwambie akueleze mada vile angemweleza mdogo wake nyumbani, kisha nyamaza, na hapo ndipo pagumu maana sisi walimu midomo hutuwasha, mimi mara ya kwanza msichana mmoja aliniambia nakimbia sana kwenye ramani za kontua, zile za mistari ya miinuko, nami badala ya kusikiliza nikaanza oh silabasi ndefu, muhula mfupi, akanywea, na wenzake wakanywea naye, siku hiyo sikupata kitu tena.

Andika usiku huo huo, ukingoja kesho utaandika ya kujipendelea. Badilisha kitu kimoja tu, si kozi nzima, halafu rudi kwao uwaambie nimebadilisha hiki kwa sababu ya mlilosema, usipofanya hivyo mara ya pili watakupa ndiyo ile ile.

Na kahawa lipa wewe, kashata pia.