Nilinunua Bitcoin kila wiki soko likiporomoka: yaliyonikuta

Mkuu, umeuliza kama uendelee kununua kidogo kidogo wakati bei inashuka kila siku, au usubiri ifike chini kabisa. Umesema pia unafikiria kukopa ili ununue nyingi kwa mkupuo. Nakujibu kwa niliyoyapitia.

Nilianza Aprili 2022, Bitcoin ikiwa dola 40,000 hivi. Ilikuwa imetoka karibu 69,000 Novemba iliyotangulia, nikaamini imeshuka vya kutosha. Wapi! Novemba 2022, FTX, soko kubwa la mtandaoni la kununulia sarafu za kidijitali, lilipofilisika, Bitcoin ilikuwa chini ya 17,000. Hiyo "chini kabisa" mimi sikuitambua ilipofika. Nilinunua wiki ile kwa sababu siku yangu ya kununua ilikuwa imefika, basi.

Tazama hesabu yake. Dola 100 bei ikiwa 40,000 zinakupa Bitcoin 0.0025. Bei ikiwa 20,000 unapata 0.005, na ikiwa 16,000 unapata 0.00625. Jumla ni 0.01375 kwa dola 300, yaani wastani wa dola 21,800 hivi kwa Bitcoin moja. Aliyenunua hivyo alirudisha mtaji wake Januari 2023. Aliyeweka zote kwenye 40,000 alisubiri mpaka Desemba 2023.

Lakini hesabu hiyo inafaa kwa sarafu inayorudi. Kuna sarafu moja ndogo niliifuata kwa utaratibu uleule, kila ikishuka naongeza, na mpaka leo haijainuka. Luna nayo, Mei 2022, ilitoka zaidi ya dola 80 hadi chini ya senti moja kwa muda wa wiki moja tu. Kila aliyeongeza pale njiani alizidisha hasara. Tangu hapo nabaki na Bitcoin, na kidogo ya Ethereum, sarafu nyingine kubwa.

Kosa lililoniuma zaidi lilikuwa la kiasi. Juni 2022 niliona bei ni ya kutupa, nikaongeza mara tatu ya kawaida yangu. Agosti ikaja dharura ya nyumbani, sina akiba, nikauza kwa hasara. Siku hizi natenga kwanza akiba ya miezi 6, ndipo nanunua kwa kile kinachobaki.

Usiache sarafu zako zote kwenye soko la mtandaoni ulikonunulia. Langu liliwahi kusimamisha utoaji kwa siku kadhaa, na sikulala. Nangoja zijae kidogo, maana kila uhamisho una makato, kisha nazipeleka kwenye pochi yangu mwenyewe ya kidijitali. Maneno 12 ya siri ya kuifungua pochi hiyo nimeyaandika kwenye karatasi, sijayapiga picha.

Kuhusu mkopo, nakusihi uache. Ungekopa siku niliyoanza mimi, ungelipa marejesho kwa miezi 19 hivi kabla ya kuiona 40,000 tena, na katikati hapo huenda marejesho yangekulazimisha uuze ikiwa 16,000.